Michango inaishia kituoni, yatima wengi wako kwa bibi na mama zao: nani anamsaidia mlezi?

Mlezi Mkimya (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila mwaka ukikaribia kuisha, vikundi vinaanza kuchangishana ili "tukawaone yatima". Vikundi vya kazini, vya ibada, vya waliosoma pamoja. Gari linajaa magodoro, sabuni na madaftari, watu wanavaa fulana za rangi moja, wanafika kwenye kituo cha kulelea yatima, wanaimbiwa, wanapiga picha, jioni wanarudi. Sina neno baya juu ya mioyo yao. Ninachouliza ni kimoja: yule yatima wa nyumba ya tatu kutoka kwako, anayelelewa na bibi yake, gari hilo lilimpita saa ngapi?

Tazameni hesabu. UNICEF ilikadiria kuwa mwaka 2015 dunia ilikuwa na yatima karibu milioni 140. Hapo wamehesabiwa waliofiwa na mzazi mmoja na waliofiwa na wote. Waliofiwa na wote wawili walikuwa milioni 15.1. Kwa hiyo wengi mno wana mama au baba aliye hai. Sasa weka pembeni makadirio yaliyochapishwa na jarida la tiba la Lancet mwaka 2020: watoto wanaoishi kwenye vituo na makao ya kila aina duniani ni takriban milioni 5.4, na wengi wa hao nao wana mzazi hai. Hata ukiamua kuwahesabu wote kuwa ni yatima, bado kwa kila mmoja aliye kituoni kuna zaidi ya ishirini walioko majumbani, kwa mama, bibi, shangazi, mjomba, au kaka na dada ambao wenyewe bado ni watoto.

Hao wa majumbani ndio hawana mtu. Nina jirani, binti aliyemaliza shule juzi juzi tu, analea wadogo zake tangu mama yao afariki. Kila fomu ya shule ina mstari wa "jina na sahihi ya mzazi au mlezi". Anaandika jina lake, anasaini, mdogo wake anarudishwa nayo: "Mwambie aje mtu mzima." Mtu mzima wa nyumba ile ndiye yeye! Akienda mwenyewe anaombwa barua ya ulezi. Akiifuata barua anaambiwa alete cheti cha kifo cha baba, na baba aliondoka zamani, hajulikani kama yu hai. Siku nzima ya kibarua imepotea na mtoto bado yuko nje ya darasa. Angekuwa kituoni, mkuu wa kituo angesaini mara moja na mambo yangeisha.

Kwa nini msaada unakimbilia vituoni? Nimefikiri sana. Kituo kina kibao barabarani, kina akaunti ya benki, kina mtu wa kupokea simu na kuandika risiti, na kina watoto wengi mahali pamoja. Bibi hana kibao. Anaona aibu kuomba, wajukuu hawatoshi hata kujaza picha moja, na umaskini wake tumeshauzoea kiasi kwamba hatuuoni tena.

Nataka tulijadili hili. Mnaolea watoto wa ndugu, mliokulia vituoni, mnaofanya kazi za ustawi wa jamii, njooni mseme.

---

Mama Wawili

Mleta uzi, umenigusa pabaya.

Mume wangu alipofariki, watu wenye uwezo waliokuja msibani waliniuliza tuwapeleke watoto kituo gani. Walitajiana majina ya vituo mbele yangu, wanalinganisha kipi kina shule nzuri. Hakuna aliyeniuliza nahitaji nini ili nibaki nao. Nilikuwa nahitaji kodi ya nyumba ya miezi michache na mtu wa kukaa na mdogo nikienda kutafuta kazi. Basi.

Kule kituoni wangepata ada, kitanda, sare na matibabu. Kwangu wangepata mimi. Ningewapeleka, wangeitwa yatima na wangesaidiwa. Nilipowabakisha wakawa watoto wa mama asiye na kazi, na watoto wa mama asiye na kazi hawachangiwi na mtu.

Wapo akina mama walioshindwa wakawapeleka. Msiwahukumu. Wanakwenda kuwaona siku za wageni, wanakaa kwenye benchi na mtoto wao mwenyewe wakisubiri kengele ya kuondoka.

---

Fundi Mbao

Mada nzito. Nimeweka kambi hapa nisome.

---

Mchangiaji wa Kudumu

Niseme kwa upande wetu tunaotoa.

Mimi nachangia kituo kila mwezi na sioni kwa nini nijisikie vibaya. Kituo nakiona, watoto nawaona, mwisho wa mwaka naletewa ripoti. Hela ikienda nyumbani kwa mtu nitajuaje kama mtoto ameifaidi? Tunawajua ndugu. Kuna mjomba anachukua watoto wa marehemu kwa ajili ya shamba lao, kuna mama wa kambo, kuna baba mdogo mlevi. Wengine wamekimbilia vituoni kutoka kwa ndugu hao hao mnaowasifia. Mkisema msaada uende kwa familia, semeni pia mtoto anayepigwa na familia hiyo aende wapi.

---

Mlezi Mkimya (mleta uzi)

Mkuu Mchangiaji, hujakosea kuuliza. Mtoto anayepigwa, anayedhalilishwa, aliyetupwa, lazima pawepo mahali pa kumpokea usiku huo huo. Hilo silipingi na sitalipinga.

Ninachopinga ni kituo kuwa jibu la umaskini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala (malezi ya mtoto asiyelelewa na wazazi wake), iliyopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, imesema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Uwe ishara kwamba familia hiyo inatakiwa kusaidiwa. Imesema pia ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe kwa sababu ya malezi, na watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe ndani ya familia. Sasa fika kwenye kituo chochote uliza kila mtoto ameletwa na nini. Wa kupigwa utawapata. Wa kutupwa utawapata. Halafu hesabu walioletwa kwa sababu ya ada, kodi na ugonjwa wa mama.

Na hofu ya hela kuliwa ina majibu yake, kwa sababu jambo hili limeshajaribiwa kwa ukubwa. Kenya ilianza mwaka 2004 kupeleka fedha taslimu kwa kaya zinazolea yatima na watoto walio hatarini. Ilianza na kaya chache sana kisha ikapanuka. Watafiti waliofuatilia kaya hizo walikuta watoto wengi zaidi wakiandikishwa sekondari na vijana wakichelewa kuanza mambo ya ngono, ukilinganisha na kaya ambazo zilikuwa hazijaanza kupokea. Aliyepewa ni mlezi, mkononi mwake.

Kuhusu gharama, Benki ya Dunia mwaka 1997 ilitoa hesabu kutoka mkoa wa Kagera, Tanzania, sehemu iliyopigwa vibaya na UKIMWI: kumlea mtoto mmoja kituoni kwa mwaka kuligharimu karibu mara sita ya kumlea kwenye familia ya malezi ya kambo, yaani familia nyingine inayompokea mtoto na kumlea kwake. Kituo kinalipa walinzi, wapishi, umeme, ukarabati, gari na mhasibu kabla mtoto hajafikiwa. Bibi halipwi mshahara.

---

Aliyepita Huko

Nimekulia kituoni tangu nikiwa mdogo sana hadi nilipofikisha umri wa kuondoka. Nitasema nilichokiona, kwa heshima ya walionilea, maana wengine walikuwa wema wa kweli.

Malezi ya kituo ni ya zamu. Anayekulaza siye anayekuamsha. Ukimzoea mama mmoja, mkataba wake unaisha au anaolewa, anakuja mwingine, unaanza upya. Baadaye unaacha kuanza. Unajifunza kumpenda kila mtu kidogo kidogo.

Wageni wakija tulikuwa tunawakimbilia, tunawashika mikono, tunawapandia mapajani, watu ambao hatujawahi kuwaona. Wao walikuwa wanafurahi: "Jamani, watoto hawa wana upendo!" Nimekuja kuwa na watoto wangu ndipo nikaelewa. Mgeni akiingia nyumbani kwangu, mwanangu anajificha kwanza nyuma ya mguu wangu, anachungulia, anampima yule mtu, ndipo anatoka. Sisi hatukuwa na mguu wa kujificha nyuma yake. Na mgeni wetu aliyeahidi kurudi, mara nyingi hakurudi. Walikuja wengine.

Halafu siku ya kuondoka. Hapa ndipo ningependa wafadhili wote wafike, maana hakuna gari la fulana siku hiyo. Unapewa begi, vyeti vyako na nauli. Hujawahi kupanga chumba. Hujawahi kupatana bei ya kitu. Hujui kupanga matumizi ya wiki kwa sababu hujawahi kushika fedha ya wiki. Ukiugua hakuna nyumba ya kurudi. Kazi ya kwanza niliyopata walinipa fomu yenye sehemu ya "ndugu wa karibu wa kupigiwa simu ikitokea dharura". Niliiacha wazi. Afisa akanirudishia akidhani nimesahau.

Baadaye sana niligundua nilikuwa na shangazi. Yupo, ana watoto, ananifanana. Aliambiwa kwamba kule nitasoma. Angepewa nusu ya fedha zilizotumika kunitunza miaka yote ile, ningekulia kwake.

---

Mama Wawili

@Aliyepita Huko pole sana mwanangu. Sina neno.

---

Msomi wa Jioni

Anayoyasema Aliyepita Huko hayako kwake peke yake, yamepimwa.

Romania ndiyo nchi iliyofundisha dunia somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1966 mtawala wake, Nicolae Ceaușescu, alitoa amri namba 770 ya kupiga marufuku utoaji mimba ili idadi ya watu iongezeke. Familia maskini zikazaa watoto ambao hazikuweza kuwatunza, na serikali ikawa inaziambia ziwalete iwalee yenyewe. Utawala wake ulipoanguka Desemba 1989, walimwengu wakaingia na kamera na kukuta zaidi ya watoto 100,000 kwenye taasisi hizo. Wengi hawakuwa yatima kabisa. Kulikuwa na vyumba vimejaa vitanda vya watoto wachanga na kimya, kwa sababu mtoto anayelia bila kuitikiwa hufika mahali akaacha kulia.

Kuanzia mwaka 2000 watafiti watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwafuatilia watoto 136 kutoka taasisi sita za Bucharest. Nusu walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo zilizolipwa na kusaidiwa, nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida uliokuwepo. Walipima akili, lugha, ukuaji, hata umeme wa ubongo. Waliopelekwa kwenye familia walipanda, na waliofika huko kabla ya kutimiza miaka miwili walipanda zaidi. Kila mwezi mtoto mchanga anaokaa bila mtu wake una bei yake kichwani. Mwaka 2004 Romania ilipitisha sheria ya kuzuia watoto wa chini ya miaka miwili kuwekwa kwenye taasisi, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa.

Lakini naomba nipinge kidogo mwelekeo wa uzi huu, kwa sababu tukisema nusu ya ukweli tutawaumiza watoto wale wale. Mwaka 2009 Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walitoa utafiti wa watoto wa miaka 6 hadi 12 katika nchi tano: Kambodia, Ethiopia, India, Kenya na Tanzania. Walilinganisha walioko vituoni na yatima walioko kwenye kaya. Walioko vituoni hawakuonekana kuwa na hali mbaya kuliko wenzao wa majumbani, na kwenye baadhi ya vipimo walikuwa afadhali. Na miaka mitano kabla yake, Anne Case na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwa takwimu za nchi kumi za Afrika kwamba yatima ana uwezekano mdogo wa kuwa shuleni kuliko mtoto mwingine anayeishi naye nyumba moja, na kadiri undugu wake na mkuu wa kaya unavyokuwa wa mbali ndivyo anavyozidi kuachwa nyuma.

Mkuu Mlezi Mkimya, hizo nazo utazijibu vipi?

---

Mlezi Mkimya (mleta uzi)

Msomi wa Jioni, ahsante. Hizi ndizo hoja ninazozitaka.

Utafiti wa Whetten naukubali ulivyo. Walipimwa watoto wa miaka 6 kwenda juu, hivyo hauwezi kufuta yaliyoonekana kwa watoto wachanga wa Bucharest. Ila kwangu uzito wake uko mahali pengine. Wametulinganishia mtoto ambaye kituo chake kina wafadhili na mtoto ambaye bibi yake hana chochote, wakakuta wanakaribiana. Fikiria hapo: bibi mikono mitupu anatoka sare na taasisi yenye bajeti. Je, huyo bibi akipewa hata sehemu ya bajeti ile?

La Princeton linauma, na ni kweli, wote tumeliona. Mtoto wa marehemu ndiye anayetumwa. Ndiye anayeamka kwanza na kulala mwisho. Sare ikinunuliwa moja, inaenda kwa mtoto wa kuzaa. Roho mbaya ipo, lakini mara nyingi mwenye nyumba ana ada ya watoto wawili na ndani kuna wanne. Kuchagua kumekuwa lazima, naye anachagua kama watu wengi wanavyochagua. Mwondolee ulazima huo kwanza. Atakayeendelea kumbagua mtoto hata baada ya kusaidiwa, huyo sasa tumshughulikie kwa sheria.

---

Shangazi Mtu

Naomba kusema kwa niaba ya sisi tunaoitwa "ndugu".

Nalea watoto wa dada yangu pamoja na wangu. Siku za msiba nyumba ilijaa. Kila mtu alisema "tuko pamoja". Nilipokwenda kuwachukua watoto, gari moja lilinisindikiza. Baada ya hapo simu zikapungua, sasa hivi ninayempigia anadhani naomba.

Watu wanaponiona na hawa watoto wananiambia "Mungu atakulipa". Naamini atanilipa. Lakini shule inadai leo.

Na kuna jambo halisemwi. Mtoto mkubwa alipokuja alikuwa anakojoa kitandani, na si mdogo. Alikuwa anaficha chakula chini ya mto. Alikuwa anapigana na wanangu kila siku. Nilimchapa, nikamsema, ikazidi. Nesi mmoja wa zahanati ndiye aliyenieleza kwamba yule mtoto ana msiba, watoto nao wanafiwa ila msiba wao unatoka kwa namna hiyo. Akanifundisha kumwacha azungumze habari za mama yake bila kumkatiza, na kumweka picha ya mama mahali anapoiona. Imepungua sana. Ni mazungumzo ya robo saa tu ambayo hakuna mtu aliwahi kukaa nami akanipa. Mnapohesabu msaada hesabuni na hilo: mlezi anapewa mtoto mwenye jeraha bila maelekezo yoyote.

---

Mtu wa Ustawi

Nafanya kazi ya ustawi wa jamii, nitaongea kama mtu wa mezani na wa kutembea.

Aliyosema Shangazi Mtu ndiyo kazi yetu hasa, na ndiyo hatuifikii. Afisa mmoja ana eneo la kuhitaji maafisa kumi. Gari halipo, au lipo halina mafuta. Kwa hiyo tunakwenda kunakowaka moto: ubakaji, mtoto aliyetupwa, kipigo. Bibi anayeteseka kimya na wajukuu hafiki kwenye orodha mpaka mmoja aanguke. Na mtu akituletea mtoto ambaye familia imeshindwa, njia fupi iliyo mkononi mwetu ni barua ya kumpeleka kituoni, kwa sababu kituo kinaweza kumpokea leo, na fungu la kuisaidia familia halipo. Nasema ukweli. Mfumo unamlipa anayemwondoa mtoto nyumbani kuliko anayembakiza.

Inawezekana kuugeuza. Rwanda, pamoja na mzigo wa yatima wa mauaji ya kimbari ya 1994, ilipitisha mwaka 2012 mkakati wa kuachana na vituo vikubwa. Wakati huo walikuwa na watoto na vijana zaidi ya 3,300 katika vituo 33. Wakafundisha wanasaikolojia na maafisa ustawi, wakazitafuta familia, mtoto mmoja mmoja, wakasajili familia za malezi ya kambo kwa wale ambao ndugu zao hawakupatikana. Haikuwa kufunga geti na kuwaambia watoto waende. Kuna nchi zilifunga haraka haraka na watoto wakaishia mitaani, hivyo anayesema "fungeni vyote kesho" naye asikilizwe kwa tahadhari.

Sasa niwape ya mkononi, kwa walezi wanaosoma hapa. Sheria za nchi zinatofautiana ila karatasi ni zile zile kila mahali.

Msiba ukiisha, kabla ndugu hawajatawanyika, fuatilieni cheti cha kifo. Bila hicho mtoto anakwama kwenye mirathi, pensheni, mafao ya mzazi, bima, hata nafuu ya ada. Cheti cha kuzaliwa kama hakipo kifuatwe wakati bado kuna watu wanaojua mtoto alizaliwa wapi na lini. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 7, unataka mtoto asajiliwe mara tu anapozaliwa, lakini wengi wanakuja kusajiliwa wakati shule inapodai. Kikao cha familia kiandikwe: nani anakaa na watoto, nani anachangia nini, wote wasaini. Ulezi uthibitishwe kisheria, ili yasimkute kama yule binti wa mleta uzi. Mali ya marehemu iorodheshwe siku hiyo hiyo, mpaka cherehani na baiskeli. Nimeona nyumba za watoto zikiuzwa na mtu ambaye msibani alilia kuliko wote.

---

Fundi Mbao

Hapo kwa mirathi, mkuu, umeongea. Sisi tulipofiwa na baba vitu vya karakana vilibebwa usiku. Msumeno wa umeme, randa, vibano, kila kitu. Mama alibaki na benchi kwa sababu lilikuwa zito. Kwa vifaa vile tungesoma wote.

---

Nuru ya Mbali

Niongeze jambo kuhusu wageni wanaokuja kujitolea vituoni kutoka nje, wiki mbili tatu, wanalipia kabisa kuja kucheza na watoto. Fedha hizo zimewafanya watu wengine wafungue vituo kama biashara, halafu wakazunguka vijijini kuwashawishi wazazi wawatoe watoto kwa ahadi ya shule. Kambodia vituo viliongezeka sana kwa kufuata watalii, wakati wengi wa watoto waliokuwa ndani walikuwa na mzazi. Bunge la Australia lilipochunguza utumwa wa kisasa mwaka 2017 lililigusa jambo hili, na azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Desemba 2019 linazitaka nchi kuzuia madhara ya kujitolea vituoni, pamoja na yale yanayotokana na utalii.

Ukiona kituo hakitaki kabisa mtoto atembelewe na ndugu zake lakini wageni wanaingia muda wowote, jiulize.

---

Mhazini wa Kikundi

Wakuu, nimesoma uzi wote na kikundi chetu cha kazini kimeshachanga. Mpango ulikuwa ni kwenda kituoni kama kila mwaka. Siwezi kurudisha fedha za watu. Mnanishauri nini hasa? Naomba jibu la vitendo.

---

Mtu wa Ustawi

Ndugu Mhazini, nendeni kituoni hapo hapo, ila muongee na mkuu wa kituo kabla ya kununua chochote. Muulize watoto wangapi wana mzazi au ndugu wanaojulikana, na kila mmoja anazuiliwa na nini asirudi nyumbani. Mkuu wa kituo mwenye nia njema anayo majibu, tena atafurahi kuulizwa, kwa sababu nao wamelemewa. Chagueni familia ambazo kizuizi ni fedha tu. Afisa ustawi lazima ahusike: akague nyumba, azungumze na mtoto mwenyewe kama anataka, na awatembelee baada ya kurudi. Msiwarudishe watoto kwa gari lenu siku ya sherehe.

Na ahadi yenu iwe ya muda mrefu hata kama ni ndogo. Kiasi kidogo kila mwezi kwa miaka kinamfikisha mtoto mbali kuliko lori moja.

---

Aliyepita Huko

Na tengeni kitu kwa wanaotoka mwaka huu. Kodi ya chumba ya miezi ya mwanzo, vifaa vya kazi kama amesomea ufundi, na mtu mzima mmoja anayekubali jina lake liandikwe kwenye ile fomu.

---

Mhazini wa Kikundi

Narudi na mrejesho. Tumeongea na mkuu wa kituo. Kuna ndugu watatu wa tumbo moja ambao mama yao yupo, alikuwa mgonjwa muda mrefu, sasa amepona lakini alipoteza chumba na kazi. Anakuja kuwaona kila akipata nauli. Afisa ustawi ameshafungua jalada. Kikundi kimekubali kodi ya mwaka na ada ya wote watatu.

Tumebakiwa na ubishi mmoja. Nusu ya wanakikundi wanataka tumpe mama fedha mkononi kila mwezi, nusu wanasema tulipe shule na mwenye nyumba moja kwa moja, yeye asishike kitu.

---

Mama Wawili

Mpeni mkononi. Ada mnaweza kuilipa shuleni, sawa, risiti mbaki nayo. Lakini awe na fedha anayoishika mwenyewe. Mtoto akiomba kalamu amwangalie mama yake, asiwaangalie ninyi.

---

Mlezi Mkimya (mleta uzi)

Naunga mkono. Mhazini, ukiruhusiwa na mama huyo, rudi utuambie walivyofungua muhula. Na mimi kesho naenda na yule binti jirani yangu kufuatilia barua ya ulezi. Mtu wa Ustawi, nakuja PM (ujumbe wa faragha) uniambie tuanzie ofisi ipi kama baba hajulikani alipo.